Sura ya Sita: Mali ya Mtoto Mkononi mwa Baba Mdogo

Ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ameishika akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya 1999. Pacha wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, inaishusha kazi hiyo mpaka kwenye mikutano ya chini ya mwembe: Halmashauri ya Kijiji itasimamia ardhi ya kijiji kwa kanuni zilezile zinazombana mdhamini anayetunza mali ya mwenzake, na wanakijiji ndio wanufaika. Kwa hiyo mkulima wa Litapunga, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi ya wakili, analima ndani ya udhamini.

Naanza na ardhi kwa sababu watu wengi wakisikia udhamini huwafikiria matajiri wa Dar es Salaam, au bodi ya kanisa, au ndugu anayekwenda polisi kumtoa ndugu yake. Hilo la polisi ni jambo jingine kabisa. Udhamini wa sura hii ni pale mtu anaposhika mali, jina lake likiwa kwenye karatasi, saini yake ndiyo inayotambuliwa benki na kwenye chama cha msingi cha ushirika, ilhali faida ya mali ile si yake. Aliyeitoa ni mmoja, anayeishika ni wa pili, anayekula matunda yake ni wa tatu. Wakati mwingine mtoaji na mnufaika ni mtu yuleyule, na hakuna ubaya. Lakini mdhamini akiwa ndiye mnufaika pekee, udhamini umekwisha. Amebaki mwenye mali tu.

Udhamini wa kijiji una kila kiungo tunachokitaka, ndiyo maana unafaa kutangulia. Umeundwa na sheria, si kwa hisani ya mwenyekiti. Mdhamini wake amewekewa mipaka: Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali kwanza. Anadaiwa hesabu: katika kila mkutano mkuu wa kawaida halmashauri inapaswa kueleza ilivyosimamia ardhi na kusikiliza maoni ya watu. Tena anaweza kunyang'anywa kazi. Wanakijiji wasiopungua 100 wakilalamika wilayani kwamba halmashauri yao haisimamii ardhi inavyotakiwa, na wilaya ikashindwa kumaliza mgogoro, shauri linaweza kupelekwa kwa Kamishna wa Ardhi, na mwisho wa njia hiyo usimamizi unaweza kuhamishiwa halmashauri ya wilaya. Ni watu 100 tu. Mkutano wa kawaida wa kijiji ukijaa unawapata kabla jua halijapanda.

Ukanda wa Katumba unatufundisha jambo jingine: huwezi kudai haki za mnufaika kama sheria haikutambui kuwa mnufaika. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora. Walifyeka msitu, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa na kuzika. Lakini Rais ni mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wananchi, nao walikuwa wakimbizi. Mwaka 2007 serikali iliamua kuwafungulia mlango wa uraia, hadi 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Wengi walikiona cheti kile kama ruhusa ya kupiga kura na kusafiri. Kwa jicho la sheria ya ardhi kilikuwa na uzito mwingine: kilimwingiza mtu katika orodha ya wale ambao ardhi imeshikwa kwa ajili yao. Baba aliyekufa kabla ya cheti na baba aliyekufa baada yake hawakuwaachia watoto wao kitu kilekile, hata kama shamba ni moja na mipaka haijasogea.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko mali nyingi hupotea.

Tuchukue familia ya kubuni. Baba, mkulima wa tumbaku, anafariki Mei, msimu wa masoko ukiwa umeanza. Anaacha mke na watoto watatu: wa miaka 14, 9 na 4. Anaacha shamba la ekari sita, bani la kukaushia, ng'ombe wanne, pikipiki, tumbaku iliyokwisha kupelekwa kwenye chama cha msingi ambayo malipo yake hayajatoka, na deni la pembejeo kwenye chama hichohicho. Arobaini ikiisha, ukoo unakaa. Muhtasari wa kikao unaandikwa kwenye daftari la shule, watu wanatia saini na dole gumba, na baba mdogo anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi.

Kikao kile hakijampa mamlaka yoyote. Hili ndilo kosa la kwanza, na limeenea mno: watu huamini kwamba ukoo ukishasema, mambo yamekwisha. Muhtasari ni ushahidi tu wa kumsaidia hakimu amjue nani anakubalika. Mamlaka hutoka mahakamani. Kama marehemu aliishi kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu, shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo: maombi hujazwa kwenye Fomu Na. I, tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hakimu akiridhika hutoa barua ya uteuzi, Fomu Na. IV. Anaweza pia kumtaka msimamizi atie saini dhamana, yeye na watu wa kumdhamini, kwamba akiharibu watalipa. Chama cha msingi kikimlipa baba mdogo fedha za tumbaku kwa sababu tu anafanana na marehemu, kimejitafutia kesi.

Tangu siku ya uteuzi baba mdogo ni mtu wa aina mbili, na sheria zetu haziutangazi mpaka kati ya hizo mbili kwa sauti kubwa. Kwanza ni msimamizi: anakusanya mali, anadai madeni ya marehemu, analipa anayodaiwa, likiwemo lile la pembejeo, kisha anagawa kilichobaki. Kazi hii ina mwisho wa karibu. Lakini fungu la mtoto wa miaka minne halina wa kumkabidhi. Mtoto hawezi kutia saini mkataba, wala hawezi kukaa benki na kuomba taarifa ya akaunti. Basi fungu lile linabaki mkononi mwa mkubwa fulani kwa miaka 14 ijayo. Hapo ndipo usimamizi wa mirathi unapogeuka udhamini, kimyakimya, bila sherehe, bila karatasi mpya, na mara nyingi bila baba mdogo mwenyewe kujua kwamba kazi yake imebadilika.

Kanuni zinazombana hazikuandikwa Dodoma. Sheria ya Tanzania inaikubali mpaka leo ile sheria ya kawaida na kanuni za usawa za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale zisipokinzana na sheria zetu na pale hali ya wananchi inaporuhusu. Kanuni nyingi za mdhamini zimeingilia mlango huo. Ukizisoma utaona hakuna kilicho kigeni kwa bibi yeyote wa Kipimbwe au Kikonongo. Mdhamini hachanganyi mali aliyoshikishwa na mali yake. Hajinunulii mwenyewe kitu anachokisimamia, hata kwa bei nzuri. Hajilipi zaidi ya alichoruhusiwa. Hampendelei mnufaika mmoja na kumpunja mwingine. Anatunza hesabu na kuzionyesha.

Hiyo ya kwanza ndiyo inayovunjwa kuliko zote, na wanaoivunja si wezi. Baba mdogo anauza ng'ombe wawili wa watoto, fedha anaziweka kwenye simu yake, palepale zilipo fedha zake za mahindi. Wiki inayofuata mwanawe anaugua, anatoa. Mwezi unaofuata analipa ada ya mtoto mkubwa wa marehemu, anaingiza. Baada ya msimu mmoja hakuna anayeweza kusema ipi ni ya nani, yeye akiwemo. Akishtakiwa miaka kumi baadaye, hasira yake itakuwa ya kweli: amewalisha watoto wale, amewasomesha, leo anaitwa mwizi. Akaunti moja ya pembeni na daftari moja la shilingi mia tano vingemwokoa. Benki zetu zinafungua akaunti za watoto zinazoendeshwa na mkubwa, na wenye mtaji wa kutosha kidogo wana Mfuko wa Watoto wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ulioanzishwa 2008, ambao mkubwa hununua vipande vyake kwa jina la mtoto. Kwa fedha za ng'ombe wawili, akaunti inatosha.

Je, akitaka kuuza shamba? Wengi hudhani lazima warithi wote wakubali. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema, katika hukumu iliyochapwa kwenye ripoti za sheria za 1994, kwamba msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya warithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Mamlaka hayo ni mapana mno. Yana maana anapouza ili kulipa madeni au kugawa, la sivyo mrithi mmoja mkaidi angezuia kila kitu. Ila yakishikwa na mtu mmoja, kwa niaba ya watoto wasioweza kusema, yanatisha. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inajibu kwa kusema msimamizi anayetumia vibaya mali au kuisababishia hasara atailipa mwenyewe. Jibu zuri, kama ana cha kulipia.

Kenya waliliona hili mapema. Sheria yao ya Urithi inakataza usimamizi wa mirathi isiyo na wosia kukabidhiwa mtu mmoja peke yake pale panapotokea udhamini wa kuendelea, kama wa watoto wadogo. Wanatakiwa wasimamizi wawili au zaidi, wasiozidi wanne, au shirika la udhamini. Sisi hatulazimishwi, lakini tunaruhusiwa: Mahakama ya Mwanzo inaweza kuteua mtu mmoja au zaidi. Kwa maoni yangu hakuna dawa iliyo rahisi kuliko hii, na vikao vya ukoo vingepaswa kuitumia kila siku. Mama wa watoto na baba mdogo wateuliwe pamoja, kila saini iwe mbili.

Najua kwa nini haitumiki. Kanuni za mila zilizochapwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963 zinamwona mjane kuwa mtu wa kutunzwa na watoto wake, si mrithi wa mumewe, na zinamweka binti nyuma ya kaka zake. Wajane wawili wa Kisukuma walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinabagua, ikasita kuzifuta. Shauri lilifika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Lakini kuna mambo ambayo kikao cha ukoo hakipaswi kuyasahau hata kidogo. Kukosa fungu la urithi hakumzuii mama kuwa msimamizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kuifikia ardhi kihalali. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki kutoka katika mali ya mzazi wake.

Asiye na ndugu wa kuaminika, au mwenye ndugu wanaogombana, anaweza kwenda kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Ofisi yake ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza kazi 2006. Watu wa Katavi wanaijua kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo tu, ilhali wakala huohuo huandika na kuhifadhi wosia, husimamia mirathi, huwa mdhamini wa umma wa mali za watoto na wasiojiweza, na husajili bodi za wadhamini za makanisa, misikiti na vyama chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Gharama zipo, na mwendo wa ofisi za serikali unajulikana. Angalau ofisi haifi, wala haioi mke wa pili.

Mpaka hapa nimemzungumzia mtoto. Mzee naye yumo. Tuseme mtu wa miaka 70 ana mashamba na fedha kidogo, anaanza kusahau. Watoto wake wanamshauri amwandikie mmoja wao hati ya uwakili. Anaandika, wanapumua. Miaka miwili baadaye akili imeondoka kabisa, na hati imeondoka nayo: kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uwakili hukoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Yaani hati ile inakufa siku ileile ilipohitajika. Kinachobaki ni kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali yake, kazi ndefu kwa familia iliyokwisha kuchoka kwa uuguzi.

Marekani walitengeneza dawa ya tatizo hili mwaka 1987, kwa mfano wa sheria ambao majimbo kadhaa yaliuchukua. Mtu anaandika karatasi fupi kwamba mali fulani inashikwa na fulani akiwa mdhamini mtunzaji kwa ajili yake. Akiwa na akili zake, yeye ndiye mkubwa: anaamuru, na akitaka anauvunja udhamini wakati wowote. Akishindwa kujiendesha, mdhamini haondoki; sasa anatumia busara yake mwenyewe kumtunza mgonjwa na wanaomtegemea, bila kusubiri mahakama. Akifa, udhamini unakwisha na mali inakwenda alikoelekeza. Tanzania hatuna sheria ya jina hilo. Lakini hakuna kinachomzuia mzee huyo kuandika waraka wa udhamini leo, mbele ya mwanasheria, unaosema mambo hayohayo, kwa sababu mdhamini, tofauti na wakili, hashiki mamlaka ya kuazimwa kutoka kwenye akili ya mtu mwingine. Ameishika mali yenyewe. Kenya mwaka 2021 walirekebisha sheria yao ya wadhamini, wakaupa udhamini wa familia nafasi ya wazi. Wabunge wetu wana jirani wa kumwiga.

Hata hivyo, kuanzisha udhamini ni kazi ya asubuhi moja, na kuusimamia kunajulikana. Kuumaliza ndiko kunakotushinda.

Udhamini hukoma kwa njia kadhaa: muda uliowekwa umefika, kazi imekwisha, mali imeisha, au wanufaika wote ni watu wazima na wanaitaka mali yao. Hii ya mwisho ina kisa chake. Tajiri mmoja wa Uingereza, Richard Wright, aliacha hisa za kampuni ya India ya Mashariki kwa kijana Daniel Vautier, akaagiza gawio lilimbikizwe mpaka kijana afikishe miaka 25. Kijana alipofika 21, umri wa utu uzima wa wakati ule, alidai zote. Mwaka 1841 mahakama ilimpa: hisa ni zake peke yake, hakuna mwingine mwenye fungu humo, kwa nini asubiri? Kanuni hiyo ni ya kabla ya 1920, kwa hiyo imo katika urithi wetu wa sheria. Kwetu utu uzima ni miaka 18. Siku mtoto wa kwanza wa yule mkulima anapotimiza 18, fungu lake si la kubembelezea. Baba mdogo hawezi kusema subiri uoe kwanza.

Kwa mirathi kuna karatasi za kufungia. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni kwenye Fomu Na. V, kisha hesabu kwenye Fomu Na. VI kadiri mahakama itakavyopanga. Kwenye mahakama za juu, orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama inaweza kuongeza muda. Ninavyoona, mafaili mengi huishia kwenye Fomu Na. IV. Msimamizi amekwisha kupata barua yake, haoni sababu ya kurudi. Mirathi inabaki wazi miaka 10, 15, na baba mdogo anaendelea kuitwa msimamizi kama mtu anavyoitwa mwalimu baada ya kustaafu.

Kufunga kuna makali yake pia, na mama wa watoto anapaswa kuyajua. Katika Rufaa ya Madai Namba 71 ya 2012 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba msimamizi akishawasilisha orodha na hesabu, kazi yake imekwisha, na uteuzi wake hauwezi tena kutenguliwa. Kwa hiyo wa kupinga hesabu za uongo apinge kabla hazijapokelewa na faili kufungwa. Mtoto amepewa nafuu kidogo: kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, saa ya kudai haki yake haigongi dhidi yake akiwa bado mdogo. Lakini shauri atakalofungua akiwa mtu mzima ni kesi mpya, na mashahidi wake watakuwa wamezeeka au wamezikwa.

Kwa hiyo, mama, kama mirathi ya mumeo iko mkononi mwa shemeji yako, usingoje ugomvi. Nenda masjala ya mahakama iliyotoa uteuzi, ukiwa na namba ya shauri. Omba uone kama Fomu Na. V imewasilishwa, na shamba la watoto limeandikwa humo kwa ukubwa wake na mipaka yake. Kama haipo, mwombe hakimu amwite msimamizi ailete. Si lazima uende na wakili.